Wakulima wa zabibu Nakuru tupewe utabiri kabla ya kupogoa

Mhariri,

Siku hizi kwa redio na kwa mikutano ya chifu wakulima wa huku Nakuru tunaambiwa tupande zabibu, juu hali ya hewa imebadilika na mahindi hayalipi, na zabibu eti inapenda jua na haitaki maji mengi. Hilo la jua ni kweli. Lakini kuna jambo mtu anayeuziwa miche haambiwi, na mimi ninayezilima hapa Rongai naona lisemwe wazi.

Kule Ufaransa mzabibu unalala wenyewe wakati wa baridi, joto likirudi unachipuka. Kwetu hakuna baridi ya hivyo, anayeulaza na kuuamsha ni mkulima na makasi yake. Ukishapogoa, yaani kukata matawi, unahesabu miezi minne mitano hivi ndio uvune, inategemea aina na baridi ya mahali. Sasa Nakuru si Dodoma. Dodoma wana msimu mmoja wa mvua halafu kiangazi kirefu, na wanavuna mara mbili kwa mwaka, sisi tuna mvua ndefu, tuna ya Agosti, tuna fupi ya Oktoba mpaka Desemba, kiangazi chetu cha kutegemea ni Januari na Februari tu. Kwa hivyo unapogoa Septemba, mvua fupi inakuza, jua la Januari linaivisha. Mvua isipoisha kwa wakati hesabu yote imeharibika.

Na siku hizi haiishi kwa wakati. Ile ya mwisho wa 2019 ilivuka ikaingia Januari 2020, na mwaka huo Ziwa Naivasha likapanda mpaka watu wa mtaa wa Kihoto kando yake wakahama. Mwisho wa 2023 ikaja El Nino. Zabibu iliyokaribia kuiva ikinyeshewa siku mbili tatu mfululizo inafyonza maji, punje inavimba, ganda linapasuka pale karibu na kikonyo, maji matamu yanatoka, na kesho yake nyigu wamejaa. Ukipanua kichala katikati unakuta ukungu wa kijivu umeshika punje za ndani ambazo kwa nje hukuziona, na harufu ni ya siki kabisa. Mnunuzi hagusi. Mvua ikipiga wakati wa maua nayo, maua yanapukutika, unabaki na kichala cha punje za kuhesabu, zingine ndogo kama mtama hazikui tena. Halafu ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu: unapuliza dawa, mvua inaosha, unapuliza tena, pesa yote inaishia kwa agroveti.

Joto pia tusilipuuze. Zabibu nyekundu inashika rangi vizuri usiku ukiwa baridi, ndio maana Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, watu wameweza hata kutengeneza mvinyo. Usiku ukizidi kuwa na joto, sukari inapanda haraka, ule uchachu unapungua na rangi inafifia. Wenzetu wameshaona haya. Mji wa Beaune huko Ufaransa una rekodi za tarehe za mavuno tangu 1354, na tangu 1988 wanavuna karibu wiki mbili mapema kuliko zamani. Aprili 2021 mizabibu yao ilikuwa imechipuka mapema kwa sababu ya joto la Machi, barafu ikaja ikaunguza machipukizi sehemu nyingi za nchi. Lakini angalau wana rekodi za kulinganisha, huku kila mtu ana tarehe zake kwa daftari, kama ameandika.

Ombi langu kwa kaunti si miche ya bure. Utabiri wa mvua fupi kutoka Idara ya Hali ya Hewa utufikie wadi kwa wadi kabla ya kushika makasi, kwa lugha tunayoelewa, na useme mvua inatarajiwa kuisha lini, sio kuanza tu. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wako hapa Njoro, wajaribu aina za ganda gumu na zinazoiva haraka kwa udongo wetu kabla wauzaji wa miche hawajatuletea chochote. Na wanaohubiri zabibu kwa mikutano waweke kwa bajeti gharama ya paa la nailoni juu ya mizabibu, juu mvua ikiendelea hivi, hilo paa ni lazima, na mtu ajue bei yake kabla ya kung'oa mahindi.

Mkulima wa zabibu,
Rongai, Nakuru