Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Wasaidizi wa Wauguzi kwa Mgeni Rasmi, Lake of the Ozarks, Missouri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama yetu, muuguzi mstaafu na mjumbe wa bodi ya hospitali ya kanda,
Mkufunzi wetu,
Wazee wetu mnaoishi kando ya ziwa,
Ndugu na marafiki mliotoka Columbia, Jefferson City na Springfield,
Mabibi na mabwana,

Shikamoo Mama. Shikamooni wazee wetu wote mliofika. Wengine tunawasalimu kwa heshima zote.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu, maana tunajua msimu wa wageni ukikaribia, ratiba za watu wa hospitali hubana. Wewe umekesha zamu za usiku, umemgeuza mgonjwa kitandani peke yako alfajiri. Tukikueleza ya wodini hatuna haja ya kuzunguka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunaohitimu leo tumetoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, maisha yakatuleta katikati ya Missouri. Jimbo hili linataka msaidizi wa muuguzi apate saa 175 za mafunzo, yaani 75 za darasani na 100 za kazini chini ya usimamizi, kisha afanye mtihani. Kwa mama mwenye watoto wadogo na kibarua cha kusafisha vyumba vya hoteli, saa hizo si haba. Wapo wenzetu waliotoka kazini asubuhi wakaingia darasani bila kulala, na hawakukosa kipindi. Tumejifunza kupima shinikizo la damu, kumwinua mtu kutoka kitandani kwa mkanda wa kiunoni bila kumwumiza yeye wala kuumia sisi, kumwogesha mtu mzima huku heshima yake ikibaki palepale, na kukagua visigino na mgongo kila siku kabla kidonda cha kulalia hakijaanza. Mkufunzi wetu alikuwa akisema ngozi ya mzee inasomwa kila siku, na ukiruka siku moja umeshachelewa. Tunakushukuru sana Mkufunzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tulipofika hapa tulidhani ziwa hili limekuwepo tangu enzi. Kumbe lilitengenezwa na watu. Kampuni ya umeme ya Union Electric ilijenga Bwawa la Bagnell kati ya mwaka 1929 na 1931, ikauzuia mto Osage, mji wa zamani wa Linn Creek ukafunikwa na maji, na makao makuu ya Camden County yakahamia Camdenton. Maji yalijaa mabonde yote, ndiyo maana ziwa limejipinda kama joka, lina ufuko wa takriban maili 1,150, mrefu kuliko pwani nzima ya California. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ufuko huo ni mali ya watu binafsi, nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa maji, kila nyumba na gati lake. Waliokuja likizo wakiwa vijana wamerudi kustaafu hapa. Camden County ilihesabiwa kuwa na watu takriban 43,000 katika sensa ya 2020, na zaidi ya robo yao wamevuka miaka 65.

Hayo tunayasema kwa sababu ndiyo yanayoamua kazi ya hospitali yetu. Hospitali hupangiwa vitanda na wauguzi kwa kuangalia wakazi wa kudumu. Lakini kuanzia mwisho wa Mei, sikukuu ya Memorial Day, hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, barabara na maji hujaa watu ambao hawamo kwenye hesabu hiyo. Idara ya dharura haiwezi kuwaambia warudi walikotoka, kwani tangu mwaka 1986 sheria ya nchi inaitaka impime na kumtuliza kila anayefika katika hali ya dharura, awe na bima au asiwe nayo. Wanaletwa waliogongana na boti, waliokatwa na panga za injini, walioungua kwa jua na waliokunywa kupita kiasi. Analetwa pia mtoto anayetapika na kulalamika kichwa kinamuuma, wazazi wakidhani ni mawimbi, kumbe alikuwa amekaa nyuma ya boti karibu na bomba la moshi akivuta kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Tunaomba tuseme neno moja hapa kwa ajili ya wazazi waliomo humu ndani. Tarehe 4 Julai 2012, katika ziwa hili hili, watoto wawili wa tumbo moja walikufa majini karibu na gati kwa sababu ya umeme uliovuja. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri kama mwili wa mtu, kwa hiyo umeme unamtafuta mtu. Ukimwona mtu anakakamaa karibu na gati, usijitose. Zima umeme wa gati kwanza, mrushie boya, piga 911. Na gati lenye umeme likaguliwe na fundi mwenye leseni kila mwaka kabla ya msimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ajali za kiangazi huonekana na kuandikwa magazetini. Sisi tumekuja kukuzungumzia wagonjwa wasioandikwa. Oktoba boti zikishafunikwa, mzee anabaki peke yake kwenye nyumba yenye ngazi nyingi za kuteremka majini. Watoto wake wako St. Louis au Chicago. Mwenzi wake ametangulia mbele ya haki. Ana moyo usiosukuma damu vizuri, ana kisukari, ana nyonga iliyofanyiwa upasuaji. Huyu ndiye mgonjwa wetu wa mwaka mzima, na kazi ngumu zaidi juu yake huanza siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani.

Tutoe mfano mmoja, tukificha kila kitakachomtambulisha mhusika. Mwenzetu mmoja alipelekwa kumsaidia mzee aliyekuwa ametoka kulazwa. Mzee alikuwa na kizunguzungu, midomo imekauka, na usiku uliotangulia alikuwa ameanguka chooni. Kwenye meza ya jikoni palikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa vichupa vya dawa. Mwenzetu akavipanga mstari mmoja, akaanza kusoma lebo moja moja. Kimoja kimeandikwa Lasix, kimetoka kwa daktari wa mjini alikokuwa akiishi zamani. Kingine kimeandikwa furosemide, kimetoka huku. Ni dawa ile ile ya kupunguza maji mwilini, moja kwa jina la biashara na nyingine kwa jina lake la asili. Mzee alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi kwa uaminifu, kama alivyoagizwa na kila daktari. Msaidizi wa muuguzi haruhusiwi kubadili dawa, na mwenzetu hakubadili. Alimketisha mzee, akapima shinikizo la damu, akampigia muuguzi msimamizi palepale akiwa amevishika vichupa viwili mkononi. Dawa ikasahihishwa siku hiyo hiyo.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Madaktari wawili waliandika sawasawa, mfamasia alitoa sawasawa, mgonjwa alitii. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mezani na mfuko ule wa plastiki. Wastaafu wa hapa wana madaktari huku na kule, na wengine hukimbilia Florida au Arizona wakati wa baridi, wanarudi masika na vichupa vipya. Kwa hiyo ombi letu la kwanza, Mama, na ndilo kubwa, ni hili: hospitali ituweke sisi wasaidizi katika mpango wa kumfuata mgonjwa nyumbani baada ya kuruhusiwa. Muuguzi ampigie simu ndani ya siku mbili. Msaidizi afike nyumbani, asome lebo zote kwa sauti na muuguzi akiwa kwenye simu akilinganisha na orodha ya hospitali. Atazame kama mizani ipo, maana mgonjwa wa moyo anapaswa kupima uzito kila asubuhi, na uzito ukipanda ghafla ni maji yanajaa. Atazame zulia linaloteleza, taa ya ngazini, na kilichomo kwenye friji.

Tunajua bodi itauliza gharama. Ni haki yake. Lakini tangu mwaka 1983 Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, huilipa hospitali kwa kufuata aina ya ugonjwa, na haiongezi kitu kwa sababu tu mgonjwa kakaa siku nyingi, kwa hiyo kila hospitali hutaka mgonjwa aondoke mapema. Tena tangu Oktoba 2012 hospitali ambayo wagonjwa wake wa moyo, nimonia na maradhi mengine kadhaa wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30 hukatwa malipo, na makato hayo yanaweza kufika asilimia 3 ya malipo yake ya msingi ya Medicare. Msaidizi aliyeshika vichupa viwili jikoni anamwokoa mzee, na anaiokolea hospitali fedha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukitaja Medicare tunaitaja kwa heshima, kwa sababu ni mtoto wa jimbo hili. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, hapa hapa Missouri, mbele ya Rais mstaafu Harry Truman, mwana wa Missouri, aliyekuwa amepigania bima ya afya kwa wote tangu 1945, na kadi ya kwanza akapewa Truman mwenyewe. Hata hivyo ina kanuni zinazowaumiza wazee wetu kwa kutojua tu. Medicare ya kawaida hulipia makao ya uuguzi, hadi siku 100, iwapo mgonjwa amelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Siku alizokaa kitandani kwa kile kinachoitwa uangalizi hazihesabiwi, ingawa kitanda ni kile kile, chakula kile kile na wauguzi wale wale. Sheria inaitaka hospitali impe karatasi ya kumjulisha na imweleze kwa mdomo. Tunaomba maelezo hayo yatolewe mchana, taratibu, mtoto wake akiwa kwenye simu. Mgonjwa aliyeamshwa saa nne usiku ataweka saini chochote utakachompa.

Kuhusu kiharusi na mshtuko wa moyo, Missouri ina mfumo wa kupanga hospitali kwa viwango ili gari la wagonjwa lielekee moja kwa moja panapofaa, na helikopta ipo kwa rufaa za mbali. Tatizo liko kabla ya gari kufika. Kwa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na saa hizo huliwa na barabara za hapa, ambapo nyumba unayoiona ng'ambo ya maji inakulazimu kuzunguka ghuba nzima kuifikia. Huliwa zaidi na mzee anayesema "ngoja nilale kidogo itapita". Tunaomba tupewe nafasi ya kwenda makanisani na kwenye vyumba vya mikutano vya wastaafu kufundisha dalili za kiharusi: mdomo kupinda, mkono kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, macho kupoteza uoni ghafla. Tutakwenda kwa kujitolea. Tunachohitaji ni barua ya hospitali na vipeperushi vyenye maandishi makubwa.

Mama, ombi lingine linatuhusu wenyewe. Nyumba za kupanga hapa zinageuzwa kuwa za wageni wa wiki moja moja, na kiangazi kodi hupanda hadi mshahara wa msaidizi haufui dafu. Baadhi yetu tunaendesha gari kutoka miji ya mbali kuja zamu ya saa kumi na mbili alfajiri, theluji ikianguka. Tunaiomba bodi ifikirie nyumba za wafanyakazi, hata jengo moja dogo la vyumba vya kukodi kwa mwaka mzima. Vilevile tunaomba ufadhili kwa wale watakaotaka kuendelea kusomea uuguzi kamili, kwa sharti la kutumikia hapa baada ya kuhitimu. Sharti hilo hatuliogopi. Watoto wetu wanasoma shule za hapa, na wazee tunaowauguza wameshaanza kutuuliza habari za mama zetu kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeambatanisha orodha ya wahitimu walio tayari kuanza kufuatilia wagonjwa majumbani mara tu utaratibu utakapokubaliwa, pamoja na siku na saa ambazo kila mmoja anapatikana. Tunaomba uipokee kutoka kwa mwenyekiti wetu, kisha tukukaribishe utukabidhi vyeti.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Ni sisi watiifu wako,
Wahitimu wa kozi ya wasaidizi wa wauguzi.