Tuwaache ndege wahamao wapumzike Rasi ya Msasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee ndege wanaotufikia kila mwaka kusi linapolegea. Kuanzia mwishoni mwa Agosti, maji yanapokupwa, na hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, miamba ya Rasi ya Msasani na tope la Daraja la Salenda hupata wageni, yaani sululu na chekeamwezi waliotoka kuzaliana kaskazini ya mbali. Wamo wenye uzito wa gramu 60 hivi tu ambao wameruka zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Siberia. Wakubwa hutangulia, na makinda ya mwaka huo hufuata wiki kadhaa baadaye kwa njia ambayo hayajapata kuiona, bila mzazi wa kuyaongoza.

Anayenigusa zaidi ni ndege wa aina nyingine, aitwaye crab plover kwa Kiingereza, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayezaliana katika mashimo ya mchanga huko Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu. Hutaga yai moja tu, na huja huku na mwanawe. Jumamosi iliyopita nilimwona kinda, mgongo ungali wa kijivu, akimwandama mzazi wake kwa kilio chembamba kisichokoma, mpaka akapewa kaa aliyekwisha kung'olewa miguu.

Shida huanza maji yanapojaa. Ndege hao husongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wakingoja maji yatoke wapate kula tena, na saa hizo ndizo mbwa hufunguliwa na watoto hushindana kuwarusha huku wazazi wakitazama na kucheka. Ndege aliyefika amekonda hulazimika kuchoma akiba ndogo aliyobaki nayo, na akirushwa mara tano kabla ya adhuhuri, hakupumzika.

Nawasihi wazazi na walimu wawakataze watoto, kisha wawarudishe ufukweni maji yakitoka, waone. Nawe Mhariri, nakuomba uchapishe saa za maji kujaa na kupwa kando ya taarifa ya hali ya hewa, kwa kuwa wavuvi wanazijua, lakini wengi wetu tuliotoka bara hatuzijui. Atakayefika alasiri, jua likiwa mgongoni, akaketi juu ya mwamba bila kusogea, atawaona kwa macho yake bila darubini.

Msomaji wako,
Msasani, Dar es Salaam