Bunduki ya pampu ipimwe kwa nyumba na kwa watu wake

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu mliyoichapisha juma lililopita, ambamo anawashauri wenye nyumba wa Lubumbashi watafute bunduki ya pampu, wafupishe mtutu wake, waondoe kitako na kuweka mshiko wa bastola, kisha wafunge taa na vifaa vingine mpaka silaha ifanane na ya askari. Naelewa kilichomsukuma kuandika. Anayeishi Katuba, Ruashi au Kampemba, akasikia saa nane za usiku mtu akiparamia ukuta wa lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake chenye uzio, hahitaji kuelezwa hofu ni nini. Hata hivyo, ushauri ule una makosa yanayoweza kumuua mtu wa nyumbani kabla ya mwizi, na kwa kuwa jambo lenyewe nimelishika kwa mikono yangu, naomba nafasi nilieleze.

Mimi ni seremala. Kwa zaidi ya miaka thelathini, pamoja na milango na vitanda, nimechonga vitako vya bunduki za wawindaji wenye vibali, wengi wao wakiwa watu wa upande wa Kasenga, na mti wangu ni mulombwa, ambao ukikauka vizuri hauchezi wala haupasuki. Bunduki zao zilikuwa hasa zile za kalibre 12 (kalibre ni kipimo cha upana wa mtutu) zenye mtutu mmoja au miwili. Za pampu, au za pompi kama tunavyosema mitaani, zilikuwa chache mezani pangu, lakini ndizo zilizonifundisha zaidi, kwa sababu ndizo zilizoletwa zikiwa zimeharibiwa na wenyewe kwa nia ya kuziboresha.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Silaha na risasi katika nchi yetu ya Kongo zinatawaliwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia hawezi kumiliki bunduki bila kibali cha mamlaka. Asiye na kibali asiendelee kufikiri juu ya mtutu wala kitako. Atengeneze mlango wake. Na kwa anayetamani kukata mtutu, naongeza kwamba hata Marekani, ambako bunduki huuzwa dukani, sheria ya mwaka 1934 iliuweka mtutu wa bunduki ya marisau (inayorusha vidonge vingi vya chuma kwa mara moja, na pampu ni mojawapo) ulio mfupi kuliko inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, katika kundi la silaha zinazodhibitiwa kwa masharti makali zaidi. Maneno yote yanayofuata nayaelekeza kwa mwenye kibali peke yake.

Bunduki ya pampu si jambo jipya. Winchester ya mwaka 1897, iliyobuniwa na John Browning, ilifanya kazi kwa kanuni ile ile inayotumika leo, Remington 870 ikafuata mwaka 1950, na Mossberg 500 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hizi mbili za mwisho ndizo zilizoenea kuliko nyingine na kuigwa sana. Mkono wa kushoto unavuta kipande cha mbele kuelekea nyuma, ganda tupu linatoka na nyundo inategwa. Unakisukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu na kuingia chemba, yaani mwanzo wa mtutu inapofyatuliwa. Usipovuta mpaka mwisho, au usiposukuma mpaka mwisho, bunduki inakwama. Kosa hilo ndilo la kawaida kuliko yote kwa aina hii ya silaha, na humpata hasa mtu mwenye hofu, asiyejizoeza, aliyeamshwa usingizini. Anayemwambia jirani kwamba pampu haihitaji ufundi amempa nusu ya habari.

Sasa nije kwenye kuchagua, ambako mwenzangu ameanza na mtutu, nami ningeanza na mkono wa mtu. Kunja kiwiko kiwe pembe mraba, weka kitako cha bunduki tupu kwenye kikunjo cha kiwiko, kisha tazama kama kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatuo bila kunyooshwa kwa shida. Bunduki nyingi kutoka kiwandani zina umbali wa sentimita 35 au 36 kati ya kifyatuo na mwisho wa kitako, kipimo kinachomfaa mwanamume mrefu aliyevaa koti. Mama wa nyumba, au kijana mwenye mikono mifupi, akiishika hiyo atajikuta anaegemea nyuma kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa, na bunduki ikipiga teke itampiga shavuni badala ya begani. Kitako cha sentimita 31 au 32, chenye mpira mwororo mwishoni, kinaweza kutumiwa na mrefu pia, ila mfupi hawezi kutumia kirefu. Basi ipimwe kwa yule mwenye mkono mfupi zaidi kati ya watu wazima ambao sheria inawaruhusu kuishika. Kazi hii ya kufupisha kitako ni ya saa mbili kwa seremala makini, na katika marekebisho yote ninayoyajua, hakuna linaloleta faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo.

Mshiko wa bastola usio na kitako ndio kinyume chake kabisa. Hauna mahali pa kuegemea begani, hauruhusu jicho kushuka kwenye mtutu, na teke lote linaishia kwenye kifundo cha mkono. Kwa Mossberg kuna ubaya mwingine ambao wauzaji hawausemi: kizuio chake cha usalama kiko juu, mgongoni mwa bunduki, na mkono ulioshuka kushika mshiko wa bastola haukifikii kwa kidole gumba bila kuuachia mshiko. Kwa Remington kizuio ni kitufe kilicho nyuma ya kifyatuo. Mtu achague kile ambacho mkono wake unakipata gizani, kisha asikibadili.

Kalibre 12 ndiyo inayojulikana kwetu, na risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kalibre 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, hupiga teke dogo zaidi na inatosha kwa umbali wa ndani ya nyumba, lakini nyumba yenye bunduki za aina zote mbili ina hatari ambayo lazima isemwe waziwazi: risasi ya 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya 12 huteleza na kusimama ndani ya mtutu, chemba ikaonekana tupu, na risasi ya 12 ikifyatuliwa nyuma yake mtutu unapasuka. Ndiyo sababu viwanda vimezoea kutengeneza maganda ya 20 kwa rangi ya manjano. Lupango moja liwe na kalibre moja.

Mwenzangu ameandika kwamba bunduki ya marisau haihitaji shabaha kwa kuwa inatawanya. Haya ni maneno niliyoyasikia tangu utoto, nayo si kweli. Kwa mtutu wa sentimita 46 hadi 51, marisau makubwa hutawanyika, kwa makadirio ya wapigaji, kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Chumba cha nyumba zetu kina mita nne au tano, basi marisau yote nane au tisa, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 8 na zaidi, yatafika katika eneo la sentimita 10 hadi 13 hivi, upana wa kiganja na kidogo zaidi. Ukikosa kwa kiganja, umekosa kabisa, na marisau hayo yataendelea na safari. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa vizuri kwa kawaida huyazuia, lakini mlango wa tripleksi, yaani wa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, hauyazuii, dari haiyazuii, dirisha haliyazuii, na nyuma ya dirisha la wengi wetu kuna dirisha la jirani. Kabla ya kununua hata risasi moja, mwenye nyumba asimame mahali atakaposimama usiku, atazame kila upande na kujiuliza nani analala pale. Kuna nyumba, hasa zile zilizogawanywa kwa mbao ili kupangisha, ambazo baada ya uchunguzi huo jibu la haki ni kwamba bunduki haifai kabisa humo.

Nifike kwenye vifaa vya kuongeza, nisimulie jambo lililotokea katika mtaa wetu. Jirani yangu mmoja, mwenye kibali, alinunua kile kibanio cha pembeni kinachobeba risasi sita, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote ili kisitikisike. Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, mvua ikigonga mabati na umeme umekatika, aliona kupitia dirisha mtu juu ya ukuta wa lupango. Alichukua bunduki, akavuta pampu, akasukuma. Pampu ikakwama katikati. Alisukuma tena kwa nguvu, haikwenda. Wakati anahangaika, mtu aliyekuwa ukutani akaita, “Baba, ni mimi, geti limefungwa!” Alikuwa mwanawe wa kwanza, akirudi kutoka matangani.

Asubuhi aliniletea bunduki ikiwa katika hali ile ile. Nakumbuka alivyoiweka juu ya meza, juu ya randa na vumbi la mbao, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kushika mikono yake. Risasi ilikuwa imesimama mshazari mdomoni mwa chemba, ukingo wake wa shaba ukiwa na mkwaruzo mweupe. Nilipoitoa risasi hiyo na kuondoa zote zilizokuwa ndani ya bomba, nililegeza skrubu mbili za kibanio kwa robo ya mzunguko tu, na pampu ikaenda na kurudi kama maji. Skrubu zile zilizokazwa kupita kiasi zilikuwa zimeubana mwili wa bunduki, na chuma cha ndani kinachotembea na pampu kikakosa nafasi. Kasoro ile ndiyo iliyomwokoa kijana. Hakuna mzazi anayeweza kuitegemea mara ya pili.

Ndiyo maana nasema taa ni muhimu kuliko kila kitu kinachouzwa kwa ajili ya bunduki, lakini sikubaliani na mwenzangu mahali pa kuiweka. Taa iliyofungwa kwenye mtutu ina faida, kwa kuwa pampu inadai mikono miwili na tochi haina wa kuishika. Ubaya wake ni kwamba huwezi kumwangazia mtu bila kumwelekezea mdomo wa bunduki, na mtu huyo anaweza kuwa mwanao. Taa ya kwanza iwe ukutani, nje, yenye betri au nishati ya jua, ili aliyemo ndani aone kabla hajagusa silaha. Ya mtutu ije baadaye, kwa aliyejizoeza.

Bomba refu la kubeba risasi saba au nane silioni kuwa la lazima. Nne au tano zinatosha katika chumba, na uzito unaoongezwa mbele humchosha yule yule mwenye mkono mfupi niliyemtaja. Kishanga cha shaba kilicho mdomoni mwa mtutu kinatosha kwa shabaha ya mita tano; anayetaka kinachoonekana vizuri zaidi gizani aongeze cheupe, si vioo vya gharama.

Utunzaji nao una sura ya hapa kwetu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali, na likikutana na mafuta mengi ndani ya bomba linakuwa kama ugali mzito unaozuia risasi kupanda. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta membamba, kidogo. Wakati wa mvua kutu huanza usiku mmoja, hasa mahali mkono wenye jasho ulipogusa. Risasi za zamani zenye ganda la karatasi huvimba kwa unyevu na kukataa kuingia chemba. Za plastiki ni bora, ingawa zikikaa miezi mingi zikibanwa na springi ya bomba zinaweza kuharibika umbo, basi zibadilishwe. Na bunduki ilale bila risasi katika chemba, ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, ufunguo ukiwa mwilini mwa mwenye kibali. Juu ya kabati la nguo si mahali pa kuhifadhi. Watoto wa Lubumbashi hupanda miembe, sembuse kabati.

Mwenzangu ameandika pia kwamba mlio wa pampu peke yake humfukuza mwizi. Labda kibaka wa kuku. Lakini sote tunajua kwamba wapo wanaokuja na silaha za vita, na kwao mlio ule unawaonyesha tu mahali ulipo. Mwenye bunduki akae na watu wake katika chumba kimoja, nyuma ya ukuta wa matofali, aite majirani na polisi, wala asitoke uani kufuata vitu vinavyoweza kununuliwa tena.

Naomba, Bwana Mhariri, gazeti lenu liwaulize wanaohusika na lichapishe kwa Kiswahili hatua kwa hatua namna kibali kinavyoombwa, ni karatasi zipi zinazotakiwa na ada yake halali ni kiasi gani, kwa sababu wengi hapa mjini huingia katika silaha za magendo kwa kutoijua njia iliyo sawa.

Kuhusu jirani yangu, tuliondoa kibanio, tukapunguza kitako kwa sentimita tatu na kukiwekea mpira, tukafunga taa ya nishati ya jua juu ya geti. Kabati la chuma lilichomelewa na fundi wa mtaa wa pili. Kijana amepewa ufunguo wake wa geti.

Msomaji wenu,
Seremala wa Kamalondo, Lubumbashi