Barua ya malalamiko kuhusu gari la saa 11 alfajiri, Moshi kwenda Arusha

Arusha,
16 Julai 2025.

Meneja wa Kampuni,
Ofisi ya Stendi Kuu,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI LENU LA SAA 11 ALFAJIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, kwetu ni Old Moshi. Kila Ijumaa jioni narudi nyumbani kumwangalia mama, ambaye ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, na kila Jumatatu alfajiri napanda gari lenu kurudi kazini. Huu ni mwaka wa tatu. Nataka ulijue hilo mapema ili barua hii usiichukue kama hasira za mtu aliyepanda mara moja akaudhiwa. Nimevumilia mengi kwenye magari yenu, mengine madogo kiasi kwamba nikimsimulia mtu naonekana mlalamishi. Lakini yaliyonipata Jumatatu hii, tarehe 14 Julai, yamenishinda kunyamaza.

Tiketi yangu imeandikwa kuondoka saa 11:00 alfajiri. Ili niiwahi saa hiyo naamka saa 9 usiku, na saa 10 bodaboda ananisubiri nje ya geti. Unaijua baridi ya Julai ya huku kwetu mlimani. Nashuka nayo kwenye pikipiki na kanga mbili juu ya sweta, mkoba wa kazini mgongoni na mzigo wa mama mapajani. Saa 10:40 nilikuwa stendi.

Nilipoingia ndani ya gari nilifurahi. Viti vilikuwa vimebaki vinne tu. Nikajisemea leo tumewahi, nikalipa, nikakaa. Pembeni yangu alikuwepo kijana amevaa kofia ya baridi, begi kubwa jeusi mapajani, kichwa kwenye dirisha kama aliyelala. Baada ya dakika chache akaingia baba mmoja na mkewe. Yule kijana akainuka, akawapisha, akapita mbele yangu kushuka. Begi lake likanigonga begani, na halikuwa na uzito wowote. Lilikuwa limejazwa maboksi matupu, niliyasikia yakigongana. Nikamtazama dirishani. Alienda moja kwa moja kwa konda wenu, wakacheka, kisha akapanda gari la kampuni nyingine lililokuwa jirani, akakaa, akaegemeza kichwa dirishani vilevile.

Wakaendelea kushuka hivyo, mmoja mmoja, kila abiria wa kweli alipoingia. Kufikia saa 11 kamili tulikuwa watu 11 ndani ya gari ambalo dakika 20 nyuma lilionekana limejaa. Ndugu Meneja, hapa ndipo penye uchungu wangu mkubwa kuliko pengine pote. Gari kusubiri abiria naelewa. Mafuta yanauzwa ghali, na gari likitembea na viti vitupu linawatia hasara. Lakini mngetuambia ukweli, kwamba gari lina watu watano na litatoka likijaa, mimi mwenyewe ningechagua kusubiri au kutafuta usafiri mwingine. Mnachofanya ni kuniwekea watu wa kuigiza ili nitoe hela yangu nikiamini jambo ambalo si kweli. Nikishalipa, hela hairudi. Nimeshaiomba mara mbili siku za nyuma, na mara zote niliambiwa aliyeishika ameenda kunywa chai.

Saa 11:30 nilimuuliza konda, kwa adabu kabisa, tunaondoka saa ngapi. Akanijibu mbele ya watu, "Madam, kama una haraka ungetoka jana." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi ni mtu mzima, nina wanafunzi wenye umri wa wadogo zake. Jibu hilo nimelisikia stendi tangu nikiwa mtoto, na hata siku moja sijaona linachekesha.

Tulitoka saa 11:50.

Kilichofuata ni dereva kuutafuta barabarani muda ambao kampuni iliupoteza stendi. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Njiani kuna Weruweru, njia panda ya Machame, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, na kote huko ni makazi ya watu, mwendo hautakiwi kuzidi 50. Dereva wenu alipita Kwa Sadala kwa kasi ambayo mama aliyekaa nyuma yangu alianza kusali kwa sauti. Magari yaliyotoka mbele yalipomwashia taa kumwonyesha kuna askari wenye tochi ya kupima mwendo, akapunguza. Tulipowapita tu askari, akakanyaga tena. Wakati huo kumeanza kupambazuka na watoto wa shule wako pembezoni mwa lami, wengine wameshika fagio, wengine vidumu vya maji. Nafundisha watoto wa umri huohuo. Nilifumba macho hadi tulipoivuka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA.

Nilifika shuleni saa 2 kasoro dakika 10. Kwetu mwalimu wa zamu anapiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio saa 1:30, na jina litakaloandikwa chini ya mstari huo lina maelezo ya kutoa kwa mkuu. Muhula uliopita jina langu lilikaa chini ya mstari mara sita, zote Jumatatu. Mkuu wangu ni muungwana, lakini safari hii aliniuliza kama nisingekuwa naondoka Moshi Jumapili jioni. Maana yake nimpunguzie mama usiku mmoja kwa sababu gari la saa 11 haliondoki saa 11.

Sasa nije kwenye mzigo.

Mama hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu. Jumapili alikata chane mbili za ndizi mshare za kupikia mtori, akazifunga kwa majani ya mgomba na kamba yake ya mgomba, akaziweka kwenye kiroba. Akanijazia na maziwa mgando dumu la lita tatu. Mimi nilikuwa na mfuko wa kitambaa wenye madaftari 45 ya darasa la nne niliyoyasahihisha Jumamosi na Jumapili. Konda akasema vyote viende kwenye buti. Nikamwomba madaftari nikae nayo mapajani kama siku zote. Akakataa, akasema kuna abiria atakaa kiti cha kukunja pale katikati, nafasi haitoshi. Akanitoza 2,000 ya mzigo bila risiti. Nikamwonyesha dumu, nikamwambia hili ni maziwa, tafadhali lisimame wima. Akaitikia, "Usijali, mama."

Tulipofika Arusha, buti lilipofunguliwa, harufu ilitangulia. Dumu lilikuwa limelazwa chini ya tairi la akiba, mfuniko umepasuka, na mfuko wa madaftari uko chini ya dumu. Maziwa yote yalikuwa yameingia kwenye madaftari. Nilimwita konda aone. Akatazama, akanielekeza maandishi yaliyo chini ya tiketi, kwamba kampuni haihusiki na upotevu wala uharibifu wa mzigo, akaanza kupakia abiria wa kurudi Moshi.

Nisingekuandikia kwa ajili ya maziwa peke yake, ingawa ng'ombe wa mama ni mmoja na lita tatu alizikusanya siku mbili. Nimeumia kwa madaftari. Niliyatandaza kwenye madirisha ya darasa na juu ya ukuta wa veranda, nikawa nayafunua ukurasa mmoja mmoja kwa rula ili yasigandane. Yalipokauka yakawa magumu kama mkate uliolala, na kila unapofungua unapata harufu ya maziwa yaliyochacha. Madaftari 17 hayafai tena. Humo ndimo mlikuwa na mazoezi yote ya hisabati tangu Januari, na watoto hawa wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Binti mmoja ambaye huwa analifunika daftari lake kwa karatasi ya kalenda ya zamani na kuandika jina kwa herufi za mapambo alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea nini?" Alidhani ni adhabu. Nilikaa naye hadi akaelewa kwamba hajakosea chochote.

Jioni ile nikapiga namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu nyuma ya gari lenu, ile inayosema ukimwona dereva anaendesha vibaya upige. Mara ya kwanza iliita hadi ikakata. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikaambiwa namba ninayopiga haipatikani. Jumanne nikapiga mchana, nikidhani labda niliwakuta mmeshafunga ofisi. Haikupatikana. Kama namba hiyo haina mtu wa kuipokea, naomba ifutwe, kwa sababu abiria akiiona anadhani ana pa kusemea.

Lipo na suala la chenji, nalo nitalisema kwa kifupi. Nyuma ya daftari langu la maandalio naandika kila mara konda anapobaki na sarafu yangu ya 500 kwa madai kwamba hana chenji, atanipa tukifika. Tangu Januari ni mara tisa, jumla 4,500. Sijarudishiwa hata moja, na mara mbili nilimwona anazo sarafu hizo kiganjani akizichezesha. Mimi hiyo ni kilo ya sukari ya mama na kitu kinabaki.

Ninachoomba ni hiki. Mnilipie madaftari 17 mapya ili niwape watoto, na ile 2,000 ya mzigo mnirudishie, maana nililipia utunzaji ambao sikuupata. Maziwa sidai. Kuhusu wale vijana wa maboksi matupu, naomba uwaondoe kwenye magari yako kabisa, hata kama wenzako pale stendi wataendelea nao. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi iwe saa ya kuondoka, au iandikwe saa nyingine ya kweli, nami nitajipanga nayo. Dereva asilazimishwe kufidia kwa kasi muda ambao hakuupoteza yeye. Nasema hivyo kwa sababu nilimsikia akilalamika kwamba hesabu ya siku anadaiwa ileile, gari litoke saa 11 au saa 12. Na konda aambiwe kwamba mzigo wa kupikia wa mtu na kazi za watoto haviwekwi chini ya tairi.

Nimeambatanisha tiketi yangu, na namba yangu ya simu nimeiandika nyuma yake. Picha za buti na za madaftari ninazo kwenye simu, nitazileta ofisini ukinihitaji. Nakala ya barua hii naipeleka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ofisi ya Kilimanjaro, kwa sababu suala la mwendo linahusu maisha ya watu na sitaki liishie kati yangu na ninyi.

Jumatatu ijayo nitakuwepo stendi saa 10:40 kama kawaida. Madaftari nitakaa nayo mapajani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wenu wa Jumatatu alfajiri,
Mwalimu wa darasa la nne, Arusha.

Nakala: LATRA, Mkoa wa Kilimanjaro.