Mhariri, alama za tairi zangu bado zipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu kuhusu safari za jangwani kwa wikiendi ndefu niliisoma mara mbili, na mengi mliyoandika ni kweli: ukimya ule, nyota zile, baridi ya alfajiri inayokulazimisha kuvaa kila ulichobeba. Kilichonikera ni picha. Gari limeegeshwa katikati ya uwanda mweupe, nyuma yake ni michirizi miwili tu ya tairi zake lenyewe inayotokea mbali kabisa, na chini ya picha mmesifia raha ya kutohitaji barabara. Mimi nimekuwa fundi wa magari zaidi ya miaka thelathini, gari linaweza kufika wapi nalijua. Nataka kusema juu ya kinachobaki likishaondoka.

Miaka kumi na moja iliyopita sikukuu iliangukia Jumatatu, tukatoka watatu: mimi, shemeji yangu, na mpwa wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata leseni. Jangwa gani, sitasema. Nimeshaona yanayopata mahali panapotajwa gazetini. Siku ya pili tulikuwa kwenye njia iliyojikunja kama bati, ile inayotikisa gari mpaka skurubu zinalegea zenyewe. Dawa ya njia hiyo ni kupunguza upepo wa tairi na kuwa na subira. Upepo tulipunguza. Kando ya njia palikuwa na uwanda uliokauka, umesawazika kana kwamba umepigwa pasi. Mpwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Akanitazama. Nikamwambia, "Kata kushoto, baba." Kwa hiyo kosa ni langu, yeye hahusiki.

Hatua kama mia tatu tulikwenda raha mustarehe. Kisha ukoko wa juu ukapasuka. Chini yake kulikuwa na vumbi laini kama poda, gari likakalia tumbo. Tulichimba kwa beleshi tangu saa nane mchana. Jeki nayo, badala ya kuinua gari, ikawa inazama yenyewe, mpaka shemeji akaenda kutafuta jiwe bapa, akalileta amelikumbatia kifuani kama mtoto, tukaliweka chini ya jeki. Tukashusha upepo wa tairi hadi paundi 15, yaani pungufu ya nusu ya zile za kwenye lami, tukatandika mazulia ya gari mbele ya tairi, na jua linazama tukachomoka. Tulizunguka nusu duara kuirudia njia. Usiku tukachekana sana, hasa mimi fundi. Hakuna aliyetazama nyuma.

Mwezi uliopita nimerudi, safari hii mpwa akiwa ndiye mwenye gari na mimi abiria. Nilimwambia asimame. Ilikuwa jioni, jua liko chini, na mwanga wa namna ile hauachi kitu kikijificha. Niliiona alama yetu yote: mstari ulioingia, shimo, kisha mzunguko wa kurudi, umbo la ndoana. Jiwe bapa lipo pale pale na kovu la jeki juu yake. Nje ya michirizi vichaka vidogo vimeota vilivyokuwa vikiota siku zote. Ndani yake hakuna hata unyasi.

Na mistari haikuwa yetu peke yake. Nilihesabu jozi kumi na saba nikachoka. Wapo waliofuata alama yetu mpaka shimoni, wapo waliolikwepa shimo kulia, wengine kushoto, na pale kushoto nako mtu amekwama, akaachia shimo lake. Yule wa kwanza aliyetufuata sidhani kama alikuwa mhuni. Aliona michirizi, akadhani ni njia. Sisi ndio tuliomwambia hivyo.

Nilikuwa sijui, na ninadhani wasomaji wengi hawajui, kwamba ule uso wa jangwa tunaouita mchanga mtupu mara nyingi ni kitu kilicho hai. Ukoko ule hufumwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na kuvu na mwani, ambavyo hutoa nyuzinyuzi zenye kunata na kushikanisha chembe za udongo. Ndio unaozuia upepo usibebe vumbi, na ndio unaolisha ardhi ile naitrojeni. Vinaishi kwa kuvizia: mvua ikidondoka vinaamka kwa muda mfupi, ikikauka vinalala tena. Sasa kiumbe kinachofanya kazi siku chache kwa mwaka, ukikivunja utakisubiri kwa muda gani? Kujijenga upya huchukua makumi ya miaka. Na uzito wa gari huukandamiza udongo wa chini, maji hayapenyi, mbegu haishiki, na penye mteremko mchirizi wa tairi hugeuka mfereji.

Wanaosema jangwa ni kubwa, mstari mmoja una nini, wawatazame Wamarekani. Mwaka 1942 Jenerali George Patton alifungua eneo la mazoezi katika majangwa ya California na Arizona, kuwaandaa askari kwa vita vya Afrika Kaskazini. Mwaka 1944 likafungwa. Askari wale karibu wote wameshazikwa, lakini michirizi ya vifaru vyao inaonekana hadi leo. Au waiulize Nazca, kule Peru. Ile michoro mikubwa ya ndege na nyani inayosafirisha watu kutoka pembe zote za dunia ilitengenezwa vipi? Watu waliondoa kokoto za juu zenye rangi ya kutu, udongo mweupe wa chini ukajitokeza. Basi, hiyo tu. Imekaa hivyo kwa miaka kama 2,000. Gari linapopita kwenye uwanda wa kokoto linafanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba halichori nyani. Na mwaka 2018 dereva mmoja wa lori aliacha barabara kuu akapita juu ya baadhi ya mistari hiyohiyo ya Nazca, kwa hiyo siku hizi wageni wana mistari ya mtu wa kale na ya lori.

Mhariri, simzuii mtu kwenda. Nitakwenda tena mimi mwenyewe magoti yakiniruhusu. Ninachoomba ni watu wabaki kwenye njia iliyopo, hata kama imejikunja, hata kama ina dimbwi katikati. Dimbwi lisubirini likauke au lipiteni katikati baada ya kulipima kwa fimbo na kwa miguu. Kila anayelizunguka anaipanua njia kwa upana wa gari zima. Mkipishana, simameni mlipo na mwenzenu apite taratibu. Hema lipigeni pale ambapo wengine walishapiga.

Na kama habari za vijidudu haziwagusi, kuna hili la maisha yao wenyewe. Gari likiharibika huko, kanuni ni kukaa na gari, kwenye kivuli chake, na maji yako, maana gari linaonekana kutoka mbali na mtu anayetembea haonekani. Lita nne kwa mtu kwa siku ndicho kiwango cha chini, na joto kali linadai zaidi. Lakini kukaa na gari kuna maana kama umekaa mahali ambapo mtu mwingine atapita. Kwenye njia, hata ile inayopitwa na gari moja kwa siku mbili, una matumaini. Sisi siku ile tulikuwa na maji ya kutosha, ila hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua kwamba tumeiacha njia. Mke wangu nilimwachia ramani yenye mstari wa njia. Wangetafuta kwenye mstari ule.

Kwa gazeti lako nina ombi dogo tu: picha kama ile msiichapishe tena. Ikibidi, basi chini yake andikeni kwamba michirizi ile itakuwepo bado wakati watoto wa dereva wana wajukuu. Kijana akiona picha ile hafikirii uwanda, anafikiria gari lake likiwa pale.

Nimesoma kwamba huko kwenye jangwa la Mojave, Marekani, watu wanaorudisha ardhi huchimbia matawi makavu yamesimama ndani ya michirizi, hasa pale inapoanzia njiani, ili dereva anayekuja asiione kama njia. Siku ya mwisho ya safari yetu nilimwomba mpwa tubaki. Tulikuwa na reki moja na beleshi lile la zamani. Tulitembea ndani ya michirizi tu, hatukukanyaga nje, tukalegeza udongo, tukarudisha kokoto, tukasimamisha vijiti vikavu pale mdomoni. Tangu asubuhi hadi saa tisa tulimaliza kama hatua sitini za mchirizi wetu wa kwanza. Mpwa akasema papo sawa, hapaonekani. Kisha jua likainama, nikaiona michirizi yote tena, na sasa ilikuwa na vijiti.

Wako,
Fundi mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi