Presha na sukari zipimwe pamoja na kiuno

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo gazeti lako limekuwa likiliandika vipande vipande. Wiki hii tunasoma habari za presha, wiki ijayo za sukari, mwezi ukipita tunasoma za figo au kiharusi, na kila makala huandikwa kana kwamba maradhi hayo hayajuani. Mimi ni fundi cherehani wa Langoni hapa Lamu, wala si daktari. Lakini nimeipima miili ya watu wa mji huu kwa zaidi ya miaka 30, na nimemuuguza kaka yangu hadi siku tuliyomzika, na kwa yote mawili nimefika mahali pa kuamini kwamba tunapoteza watu kwa kuyatibu mbalimbali maradhi ambayo ni ndugu wa tumbo moja.

Kaka yangu alikuwa na kadi tatu ndani ya mfuko wa kitambaa niliomshonea mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya presha, na kliniki yake ni Jumanne. Ya pili, aliyoipata miaka minne baadaye, ilikuwa ya sukari, na kliniki yake ni Alhamisi. Ya tatu ni ya mazoezi ya viungo, baada ya kiharusi kumlaza upande wa kulia. Nilizisoma zote tatu mstari kwa mstari baada ya matanga, na katika zote sikuona mahali palipoandikwa kipimo cha kiuno chake, ilhali mimi nilikuwa nacho katika daftari langu la wateja: inchi 34 mwaka 2004, inchi 38 mwaka 2011, na inchi 43 mwaka 2016. Nilikuwa nikimwongezea kitambaa huku nikimtania kwamba amenawiri. Neno hilo linanichoma hadi leo.

Hali ninayoizungumzia madaktari huiita sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa hitilafu katika namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, aliieleza mbele ya wenzake na kuipa jina la sindromu X, na tangu hapo vipimo vyake vimerekebishwa mara kadhaa. Vinavyotumika zaidi leo ni vitano. Kiuno kiwe kimepita kiasi. Presha ifike 130 kwa namba ya juu, au 85 kwa ya chini, au zaidi. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ifike milimoli 5.6 kwa lita. Mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi yafike milimoli 1.7; na kolesteroli nzuri ipungue chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Mtu akiwa na vitatu kati ya hivyo, vyovyote viwavyo, huhesabiwa kuwa nayo. Angalieni kwamba hakuna hata kimoja kinachohitaji kuwa kikubwa sana. Mtu mwenye presha ya 132 na sukari ya 5.9 huambiwa kila anapokwenda kwamba yuko sawa, au amezidi kidogo tu, naye hurudi nyumbani akimshukuru Mungu, kumbe vile vidogo viwili vikikutana na tumbo lake vinasema neno jingine kabisa. Mtu wa namna hiyo hatari yake ya kupata sukari ya ukubwani ni kama mara tano ya mwenzake asiye na hali hiyo, na ya maradhi ya moyo na kiharusi ni kama mara mbili.

Chanzo chake, kwa jinsi nilivyoelezwa na tabibu mmoja mteja wangu nikaelewa, ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayoyazunguka matumbo na ini, ambayo si sawa na yale ya mapaja au ya chini ya ngozi. Mafuta hayo hayakai kimya kama akiba ghalani. Huchuruzika na kuingia katika damu inayokwenda kwenye ini, na kidogo kidogo misuli na ini huwa kama zimeziba masikio zisisikie insulini, ile homoni ya kongosho inayofungulia sukari mlango wa kuingia mwilini. Kongosho nalo, likiona halisikiki, hupaza sauti, likatoa insulini nyingi zaidi, na kwa miaka mingi kipimo cha sukari kikaonekana kizuri kwa sababu tu kongosho linafanya kazi ya watu wawili. Wakati huohuo insulini hiyo nyingi huzifanya figo zizuie chumvi, presha ikapanda. Ini nalo hujaa mafuta, likayasukuma mengine kwenye damu. Siku kongosho linapochoka ndipo mtu anaambiwa ana sukari, naye husema imemjia ghafla.

Wapo wataalamu waliohoji faida ya kulipa jambo hili jina lake, wakisema ni afadhali kila kasoro itibiwe kwa nafasi yake. Mwaka 2005 vyama vya kisukari vya Marekani na vya Ulaya vilitoa waraka wa kutilia shaka jambo hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mimi nawajibu kifundi. Kanzu ni vipande, ndiyo, na kila kipande hukatwa peke yake, lakini hajaja mteja dukani kwangu akavaa mkono akaacha mwili.

Sasa nije kwetu. Wazee wetu walikula wali wa nazi na samaki, wakala mahamri na mbaazi, wakanywa chai tamu, na hatusikii kwamba walikuwa na kadi tatu. Watu huniletea hoja hii kila ninapofungua mdomo, na jibu liko miguuni mwao. Mtu wa Shela alikuja Amu, yaani mji wa Lamu, kwa miguu akifuata ufuo, akarudi kwa miguu. Aliyekuwa na shamba Manda alipiga kasia. Mjenzi alibeba mawe ya matumbawe. Vichochoro vya mji wa kale bado ni vya miguu na punda, lakini kandokando yake kijana wa miaka 25 hupanda bodaboda kwa mwendo ambao bibi yake aliumaliza huku akizungumza. Tumebaki na sahani ya mvuvi, lakini kazi tunayofanya ni ya mtu wa dukani.

Na sahani yenyewe haikubaki ilivyokuwa. Samaki tuliyempaka na kumchoma siku hizi tunamzamisha kwenye mafuta yaliyokaangiwa viazi karai tangu asubuhi. Biriani, iliyokuwa chakula cha arusi, sasa ni ya kila Ijumaa. Kuhusu sukari, nilifanya hesabu yangu mwenyewe. Glasi yangu ya chai ilikuwa na vijiko vitatu, na kwa siku nilikunywa glasi nne kati ya wateja, maana fundi hawezi kukataa chai ya mgeni. Kijiko kimoja cha chai ni takriban gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nikinywa gramu 48, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku kutoka vyakula vyote, na ingekuwa bora akabaki na nusu ya hizo. Hapo sijagusa kaimati wala halwa, wala soda. Vijana wanaokesha barazani na miraa huiteremshia kwa soda mbili tatu, nayo miraa yenyewe hupandisha presha, na usingizi ukikosekana usiku baada ya usiku mwili huzidi kuikataa insulini. Ng'onda na papa wa chumvi ninawapenda mno kuwasema vibaya, ila ni lazima niseme kwamba chumvi ya mtu kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Mimi siamini dawa ya kusema watu waache chakula chao. Haijapata kufaulu, na huwafanya wagonjwa wawe waongo mbele ya daktari. Wala siamini uwatu na mlonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kumaliza sukari kwa siku 40. Kaka yangu alivinywa vyote. Lakini iko habari njema iliyothibitishwa. Mwaka 2002 kulitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 hivi, wakatembea kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuingia katika ugonjwa wa sukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya sukari, ilipungua kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, wala haizidi mwendo wa kwenda Shela kwa miguu siku chache za wiki. Kupunguza wali nusu sahani na kuongeza mchicha au kisamvu kisichojaa tui zito hakumwondoi mtu katika Uswahili wake. Sigara ni shauri jingine: haimo katika vile vipimo vitano, lakini mwenye viwili au vitatu kati yake akivuta huwa anamwaga petroli juu ya makaa.

Ombi langu ni dogo. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kupima na kiuno, na vipimo vyote vitatu viandikwe ukurasa mmoja. Kliniki za presha na za sukari, pale zinapotenganishwa, ziwekwe siku moja na kadi iwe moja, ili mtu asilipe nauli ya boti kutoka Pate au Kizingitini mara mbili kwa wiki. Nawe, Mhariri, makala zako za afya ziungane.

Na watu wasitegemee nambari ya suruali. Nambari hiyo huongopa, na hili nalijua kuliko daktari yeyote. Mteja wa 36 huendelea kuwa wa 36 kwa miaka 10 kwa sababu hufunga suruali chini ya kitambi, tumbo likamwagika juu ya mkanda, na ukimgusia hukwambia, "Fundi, punguza maneno, niachie nafasi kidogo tu." Kipimo cha haki huchukuliwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama, nguo imeinuliwa, pumzi imetoka, na tepu haikazwi. Mwanamume wa Kiafrika asifike sentimita 94, mwenye asili ya Kihindi 90, na mwanamke, wa asili yoyote kati ya hizo mbili, asifike 80. Mimi mwaka jana nilikuwa 103. Juzi nimesoma 97, na bado sijafika.

Kila Ijumaa baada ya sala nawapima watu bure mlangoni kwangu, na wanawake hupimwa ndani na mke wangu. Daftari tunalo, na kila mtu huondoka na nambari yake imeandikwa kwenye kipande cha karatasi akampelekee daktari.

Fundi cherehani,
Langoni, Lamu