Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Intaneti ya Nyaya za Umeme na Kelele kwenye Bendi Zetu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya chama chetu cha redio ya ridhaa nawasilisha taarifa ya mwaka kabla ya Mkutano Mkuu. Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na mafunzo ya leseni yamo kwenye ripoti ya Katibu, kwa hiyo sitayarudia. Jambo lililochukua muda mwingi wa kamati ni intaneti inayopitishwa kwenye nyaya za umeme, na kelele inazomwaga kwenye HF, yaani masafa mafupi ya redio.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja. Sehemu ya Mkongo wa Taifa, mtandao wa nyuzi za kioo za mawasiliano, imepita kwenye njia kuu za umeme, ndani ya waya ule wa juu kabisa wa minara. Huo ni mwanga ndani ya kioo, hautoi wimbi la redio hata chembe. Mwanachama atakayeulalamikia atatuaibisha mbele ya wahandisi. Pili, baadhi ya mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, zinazofungwa juu ya nguzo huongea na kile kidude cha kuingizia tokeni kupitia waya uleule wa umeme. Mawasiliano hayo ya mita hukaa chini ya 500 kHz, kwa hiyo yanamhusu tu anayesikiliza bendi zetu za chini, 136 kHz au 472 kHz. Ugomvi wetu ni na kitu cha tatu: intaneti ya kasi inayosukumwa kwenye waya wa umeme kati ya 2 na 30 MHz.

Waya wa simu umesokotwa jozi kwa jozi, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, na kinachovuja ni kidogo. Nyaya za umeme hazikusokotwa. Juu ya nguzo zimeachana kwa nafasi kubwa, zina matawi kila nyumba, na ndani ya nyumba mambo ni mabaya zaidi. Tazama swichi ya taa: fundi hushusha waya wa moto peke yake hadi kwenye swichi na kuurudisha kwenye taa, huku nyutro ikipita darini. Hapo mizani ya jozi imeshavunjika, na waya ule unakuwa antena.

Sasa hesabu, kwa sababu tukienda kwa mamlaka tutaulizwa hesabu. Kikomo cha Marekani ni maikrovolti 30 kwa mita, ukipima mita 30 kutoka kwenye chanzo. Kwenye karatasi ni kidogo. Tundika dipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya nusu wimbi ya 14 MHz penye mita hizo 30: kwenye omu 50 za mlango wa redio unapata takriban maikrovolti 84 kwa upana wa 9 kHz unaotumika kupimia. Ukibana hadi 2.4 kHz za SSB, upana wa mazungumzo ya sauti, zinabaki kama 43. Kwenye mita ya S, sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya ishara, S9 ni maikrovolti 50. Yaani kifaa kinachotii sheria bila kosa kinaipeleka sindano karibu na S9, na kituo cha S5 ulichokuwa ukikisikia safi kinazama chini ya kelele kwa zaidi ya 20 dB (desibeli 20 ni volti mara kumi). Kwenye 7 MHz ni vibaya zaidi, maana dipoli ni ndefu mara mbili na huokota volti mara mbili.

Marekani walishapita njia hii. Tume yao ya mawasiliano, FCC, ilitoa kanuni za intaneti ya nyaya za umeme Oktoba 2004. ARRL, chama cha wenzetu wa huko, kilikwenda mahakamani, na Aprili 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema tume ilikosea kuficha sehemu za tafiti ilizozitegemea, na haikueleza vya kutosha kwa nini iliendelea na kipimo cha 40 dB. Kipimo hicho ndicho roho ya mjadala. Ukipima mita 3 kutoka kwenye waya na kukisia hali ya mita 30, 40 dB maana yake unagawanya kwa 100. Ikiwa kwa kweli uga, yaani nguvu ya wimbi hewani, unapungua kwa 20 dB tu, ilipaswa ugawanye kwa 10, na kelele halisi ni mara kumi ya ile ya karatasini. Mwaka 2011 tume iliing'ang'ania 40 dB yake, ila ikaongeza kina cha mapengo ya masafa, yaani sehemu ambazo kifaa hupunguza ishara yake ili kulinda redio, kutoka 20 hadi 25 dB. Mji wa Manassas, Virginia, uliokuwa mfano wa kusifiwa, ulizima huduma yake 2010. Wateja walipungua na gharama hazikurudi. Tusijidanganye kwamba malalamiko ya wenzetu ndiyo yaliyoiua.

Kwetu hatari haiko kwenye nguzo. Iko kwenye adapta zinazouzwa mbilimbili madukani, unachomeka moja karibu na ruta na nyingine chumbani. Nyingi zina mapengo ya kama 30 dB yaliyofuata bendi za Marekani, na hapo ndipo zinapojifichua. Sogeza redio kutoka 6.9 MHz kwenda juu: kelele ikizama ghafla ukivuka 7.000 na kupanda tena ukivuka 7.300, umeshaikamata. Zikiwa hazipitishi data husikika tiki-tiki, mara 25 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa 50 Hz. Faili likianza kushuka, tiki-tiki inageuka mvumo. Pengo la 30 dB si ukuta, adapta ikiwa chini ya paa lenye antena utaisikia tu. Na wasikilizaji wa masafa mafupi hawana pengo lolote. 11735 kHz, ambayo redio ya Zanzibar imeitumia miaka mingi, imo katikati ya mvumo.

Kabla ya kumgongea jirani, washa redio kwa betri ya volti 12 na uzime meni swichi yako. Kelele ikifa, chanzo ni chako: rudisha breka mojamoja. Inayokufa jua likizama ni ya chaja ya sola. Mngurumo wa 100 Hz unaobadilika mvua ikinyesha ni kikombe kibovu cha kuzuia umeme juu ya nguzo, hilo ni la shirika la umeme. Ikibaki ile ya mapengo, piga hodi kwa adabu, na mwombe jirani achomoe adapta zote mbili kwa dakika moja. Ukichomoa moja, iliyobaki huendelea kumtafuta mwenzake. Nenda na mita 20 za kebo ya mtandao, kwa kawaida humaliza shauri. Kufunga feraiti (pete ya sumaku ya kuzuia kelele) kwenye waya wa adapta ni kazi bure, kwa kuwa ishara imekusudiwa ipite humo. Feraiti ya aina ya 31, kipenyo cha 61 mm, mizunguko 12 ya kebo ya RG-58, iweke kwenye koaksia (kebo ya antena) yako penye dipoli.

Kamati inaomba idhini ya Mkutano Mkuu kuiandikia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili adapta hizi zikiletwa kuthibitishwa zipimwe kwa kiwango cha Ulaya EN 50561-1 cha 2013, kinachotaka mapengo ya kudumu kwenye bendi za ridhaa na mapengo yanayojitokeza yenyewe penye matangazo ya redio.

Barua hiyo inahitaji ushahidi wenu. Kila fomu iwe na masafa, usomaji wa mita ya S kikuza ishara cha mbele kikiwa kimezimwa, upana wa kichujio, aina ya antena na umbali wake kutoka kwenye nyumba, na sauti iliyorekodiwa ya sekunde 30 ndani ya pengo na nyingine nje yake. Saa iandikwe ya UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Fomu kadhaa zimekuja na "saa mbili" pekee, na Katibu hawezi kujua kama ni 05:00 au 17:00. Hizo zitarudishwa kwa wenyewe.

Mwenyekiti